Mwanamke Aliyelisimamisha Ziwa

Katika hadithi yangu dunia iliishia Bukoba, asubuhi, saa ya watu kwenda kazini. Ziwa lilisimama wima. Halikufurika wala halikukauka. Lilinyanyuka lote, samaki na mitumbwi ikiwa ndani, likasimama nyuma ya bandari kama ukuta wa kioo, likatulia. Siku hiyo hakufa mtu. Watu walilitazama, wakapiga picha, kisha wakaenda ofisini kwa sababu ilikuwa Jumatatu.

Mambo mengine yalifuata polepole. Pikipiki zilikataa kuwaka mpaka ziombwe kwa Kihaya, tena Kihaya cha heshima, na vijana wa bodaboda waliokulia mjini wakawa wanazisukuma kwenye vilima huku wakilia. Kompyuta za ofisini ziliacha kuuliza neno la siri, zikaanza kumuuliza mtu ukoo wake na mwiko wa ukoo huo. Asiyejua alifungiwa nje ya kazi yake. Migomba iling'oka yenyewe ikarudi kwa wenyewe, na kila aliyemnyang'anya mjane kibanja chake cha migomba aliamka akakuta udongo mtupu. Uchawi wangu haukuja na moto wala pembe. Ulikuja kama mtandao unavyorudi baada ya kukatika: mara moja kila kitu kinaitika.

Hadithi hiyo niliitunga kwa miguu. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa na hakuna aliyenikatalia. Siku moja nilipanda lori la ndizi nikaone linakoishia, na lilipoishia palinipendeza. Tangu hapo nimepalilia mpunga Ngenge, nimebeba magunia ya kahawa Bukoba, nimechoma matofali, nimekanyaga ndizi za kutengeneza rubisi, pombe yetu, kwa watu ambao hata majina yao sikuyauliza, ingawa vitu vingine vyote niliuliza. Kila mahali niliacha kipande cha hadithi na kuondoka na kingine. Kule Ngenge, tukiwa tumeinama kwenye maji ya mpunga, mama mmoja alizoea kunidai hadithi kama anayedai mshahara.

"Wewe, ziwa limefika wapi leo?"

"Bado limesimama."

"Na hizo pikipiki za Kichina, Kihaya zimejifunzia wapi?"

"Zimekaa hapa kuliko wewe, mama."

Wenzake walicheka mpaka msimamizi akaja kuona kama tunafanya kazi.

Ndani ya hadithi kulikuwa na bibi. Sikumpa jina wala nyumba. Alikuwa mpita njia mwenye mzigo wa nyasi kichwani, na watu waliokuwa wanakimbia walimpita kama wanavyopita kisiki. Yeye peke yake ndiye alikumbuka namna ya kusema na ziwa bila kuliogopa, na mwishoni angelisemesha taratibu kama mtoto aliyeamka vibaya, mpaka lilale tena mahali pake. Sehemu hiyo nilikuwa nimeiweka akiba. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

Mwenzangu nilimpata Bukoba, siku ya mvua. Alikuwa na kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua, si mbali na stendi, na mimi nilikuwa nimejibanza kwenye baraza yake pamoja na wapagazi wengine. Tulikuwa tunasubiri mvua ipite, kwa hiyo nikaanza kusimulia. Mvua ilipokatika wapagazi waliondoka. Yeye alibaki amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Hiyo umeisoma wapi?" aliuliza.

"Sijaisoma. Ninayo tu."

"Mtu hawezi kuwa nayo tu."

"Basi iandike, tuone kama kuna atakayesema ni yake."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi nilisimulia, yeye aliandika kwenye simu yake na kuirusha kwenye kundi la wapenda simulizi, sehemu moja kila wiki. Simu yangu ilikuwa kitochi, isiyojua kundi ni nini, kwa hiyo kila niliporudi mjini nilipita kibandani akanisomea yale aliyoyarusha. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alisoma kama katekista wa siku ya sikukuu, akisimama penye kusimama, na maneno yangu yaliyotoka mdomoni yakiwa na matope yalirudi masikioni mwangu yameoga. Ningeweza kumwomba simu nisome mwenyewe, kusoma najua. Lakini nani anayesomewa vizuri namna ile atake kujisomea?

Yeye ndiye aliyetaka tufanye omukago, ule udugu wa kuapiana. Nilimpeleka Izigo kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea baada ya nyumba yetu kuvunjika. Alimlisha ndizi na maharage, na alipomaliza kunawa akamletea kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hapiti bila kupewa. Yule rafiki akaichukua moja, akaitazama.

"Mama, ni kweli zamani watu walifanywa ndugu kwa hii?"

Shangazi akamweleza. Watu wawili walichanja ngozi karibu na kitovu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja alipaka damu yake kwenye punje moja, wakabadilishana, wakameza. Aliyemeza hakuweza tena kumdhuru mwenzake, wala watu wa nyumba ya mwenzake, hata kwa neno. Akimdhuru, tumbo lake lenyewe lingemshtaki.

"Basi tufanye," rafiki akasema. "Hadithi ni yetu wawili."

"Na damu?"

"Mama, siku hizi kuna magonjwa."

Shangazi alicheka. "Bila damu, waitu, hicho ni kifungua kinywa tu."

Tulipasua tunda, tukagawana punje, tukatafuna. Kuanzia siku hiyo aliniita munywani, ndivyo wanavyoitana waliofanya jambo hilo, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Kabla ya kuondoka alizunguka uani. Alitazama mfenesi uliopasuliwa na radi ukaendelea kuzaa upande mmoja. Alitazama mlango wa shangazi, wa kijani, uliopakwa rangi iliyobaki walipopaka kigango, kanisa letu dogo. Alimuuliza kidole chake kidogo kilikwenda wapi, na shangazi akamwambia kilikwenda na panga, akiwa msichana, akikata majani ya migomba. Nilifurahi kumwona anauliza. Nilidhani nimempata mtu wa kabila langu, kabila la wanaouliza.

Miezi ilipita. Nilikwenda Ngenge kwa palizi, nikarudi Izigo Jumamosi moja mchana, nikamkuta shangazi ameinama kwenye nyasi na mundu. Jumuiya ilikuwa zamu yake. Kwetu familia jirani za Kikatoliki husali pamoja kila wiki, nyumba hii leo, ile wiki ijayo, na mwenye zamu hujiandaa kama anayepokea posa. Shangazi alikuwa bado mtu wa kutandaza nyasi sebuleni, ingawa sakafu yake ni ya saruji, kwa sababu mama yake alitandaza. Nilimsaidia kuzibeba. Tulizitandaza, nyumba ikanukia kama kilima baada ya mvua. Akaweka kitambaa cheupe mezani, na sanamu ya Bikira, na maua, kisha akakaa mlangoni na rozari yake.

Hakuja mtu.

Mwanzoni alisema wamechelewa kwa ajili ya mazishi fulani. Baadaye alisema pengine walibadilisha siku, na yeye hana simu. Tulipowasikia wanaimba, tulijua. Waliimba upande wa pili wa migomba, kwa jirani ambaye zamu yake ilikuwa wiki ifuatayo. Shangazi alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Alisali rozari yake peke yake, kwa sauti, akijiitikia.

Wimbo ulipokwisha na watu kutawanyika, nilikwenda kwa yule jirani. Ni mama wa makamo, amenipa ndizi mbivu nyingi utotoni. Alikuwa anakusanya viti, na hakunikaribisha.

"Mbona mmemruka shangazi?"

"Wewe ndiye unaniuliza mimi?"

"Ndiyo, mama. Nakuuliza."

"Umesema mwenyewe, dunia nzima imesoma, halafu unakuja kuuliza." Akatoa simu kwenye kanga. "Mimi nilikuwa sikusikii vizuri ulivyokuwa mdogo, unaongea kama cherehani. Lakini hapa nimekusikia."

Akanipa. Hapo ndipo nilipoisoma hadithi yangu kwa macho yangu kwa mara ya kwanza.

Ziwa lilikuwamo, pikipiki zilikuwamo. Bibi pia alikuwamo, lakini hakuwa tena mpita njia. Alikaa Izigo, chini ya kigango, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, kando ya mfenesi uliopigwa na radi kwa sababu radi ilikuwa inamfuata yeye. Kidole chake kidogo hakikuwepo, kwani ndicho alichompa yule wa ziwani kama malipo. Yeye ndiye aliyelisimamisha ziwa. Asubuhi alipamba maua kanisani, akirudi nyumbani alilisha mizimu. Na juu ya kila sehemu, kwa herufi kubwa: KISA CHA KWELI, KAMA ALIVYOSIMULIA MTOTO WA NYUMBA HIYO.

Nilirudi nyuma sehemu baada ya sehemu. Mistari niliyosomewa kibandani haikuwemo. Ile sauti nzuri ilikuwa inanisomea maneno yangu kutoka mahali pengine kwenye simu, au kutoka kichwani, huku vidole vikiwatumia watu maneno mengine. Kila mara alipomaliza aliniuliza, "Imekaaje, munywani?" Na mimi nilijibu imekaa vizuri.

"Siyo mimi," nilimwambia jirani.

"Nyumba hiyo ina mtoto mwingine?"

Haikuwa naye.

Jumatatu nilikuwa Bukoba. Nilimkuta anatoa kopi za vyeti vya dada mmoja, akanyanyua kichwa akatabasamu.

"Munywani, umekuja na vumbi lote la Ngenge."

"Nisomee ile ya mlango wa kijani."

"Ipi hiyo?"

"Ile ambayo hukunisomea."

Alimaliza kopi. Alizipanga, akazipiga pini, akamtakia yule dada usaili mwema. Dada alipotoka, yeye akakaa.

"Sikiliza. Hadithi yako nzuri, lakini haikuwa na mtu wa kuogopwa. Ziwa peke yake halitoshi. Watu waliniuliza kila siku, nani kalisimamisha? Niwajibu hakuna?"

"Ungewajibu ni hadithi."

"Hadithi zimejaa kwenye simu zao. Wanataka kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiona."

"Wamekwenda kukiona."

"Nani?" aliuliza, akasogeza kiti. "Wamefanya nini?"

Nilimtazama usoni na nikaona kitu ambacho hata leo ndicho kinachoniuma kuliko yote. Hakuwa na hofu. Alikuwa na hamu. Ilikuwa hamu yangu ile ile, ya kutaka kujua linakoishia lori.

"Ulikula kwake," nilisema.

"Nilikula na nilimshukuru."

"Ulitafuna naye."

"Nilitafuna nawe. Na mwenye nyumba mwenyewe alisema, bila damu ni kifungua kinywa tu."

"Futa."

"Nikifuta watasema yule bibi katufunga midomo. Fikiri na wewe, si ndiwe mtunzi?"

Alikuwa sahihi. Akasema basi ataandika kwamba si kweli. Aliandika mbele yangu, safari hii nikisoma mwenyewe juu ya bega lake: kisa hiki ni cha kubuni, mhusika asifananishwe na mtu yeyote. Majibu yakaanza kuingia kabla sijatoka mlangoni. Mmoja aliandika kwamba mwandishi kaendewa kwa mganga. Mwingine alimwomba awe makini, asile wala kunywa kwa mtu. Mwingine aliuliza Izigo unashukia kituo gani.

Rafiki yangu alisoma hilo la mwisho, akageuza simu kifudifudi mezani. Alinyoosha mkono kunishika bega. Nilitoka.

Nilimwambia shangazi kila kitu, kwa sababu angekisikia kwingine. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya.

"Nisimulie," alisema. "Hiyo yako, siyo yake."

Nikaanza na ziwa. Kwenye pikipiki alitabasamu. Kwenye migomba inayorudi kwa wajane alitaja kwa sauti ya chini jina la mtu mmoja wa kijiji chetu, akaniambia niendelee. Nilipofika kwa bibi alinikatiza.

"Huyo ni mimi?"

"Hapana, shangazi. Ni bibi tu, mpita njia."

"Anatembeaje?"

Nilimtazama mguu. Bibi wa hadithi alikuwa anatembea kwa kuvuta kidogo mguu wa kulia, na shangazi ndivyo anavyotembea.

"Basi ni mimi," alisema, bila hasira. "Na kwenye hiyo yako nililifanya nini hilo ziwa?"

Nikamsimulia sehemu niliyokuwa nimeiweka akiba, bibi anavyoweka chini mzigo wa nyasi, anavyosogea kwenye ule ukuta wa maji, anavyoubembeleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Maganda ya ndizi yalikuwa yamemjaa mapajani.

"Hiyo ungewaambia," alisema. "Hiyo mbona haina ubaya."

Jumamosi tulikwenda jumuiya pamoja, kwa mwenyekiti, mzee mfugaji mwenye sauti ya upole. Walitusogezea benchi, tukakaa wawili kwenye benchi la watu wanne. Baada ya sala, mwenyekiti alipouliza kama kuna jambo lingine, shangazi akasimama.

"Ninayo dakika moja. Mtoto wangu amesemewa maneno yasiyo yake. Naomba ayaseme yake."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema haya, kijana, tusikie.

Sijawahi kusimulia vile. Nilisimama mbele ya watu walioniona nikiwa na kamasi, nikawasimamishia ziwa lao. Mwanzoni walitazama sakafu. Kwenye pikipiki, kijana mmoja wa bodaboda alicheka kwa pua. Kwenye kompyuta, mzee aliyekuwa karani wilayani akasema hiyo ingewamaliza wote, hasa mabosi, na hapo kicheko kikawashika wengi. Jirani yetu, yule wa simu, alijifuta macho kwa kanga. Nilipofika kwa bibi waliinua macho, na alipolilaza ziwa nilisikia mtu akishusha pumzi.

"Kijana ana mdomo huyu," jirani akasema.

"Ndiyo hiyo," nilisema. "Hakuna nyingine."

Nilikaa nikiwa na furaha ambayo naiona aibu kuikumbuka. Niliamini wamerudi. Niliamini kwamba ukisimulia vizuri, kweli inaingia ndani ya watu na uongo unatoka, kama vile havitoshi pamoja. Mwenyekiti akauliza wiki ijayo tuko wapi, na shangazi akasema, "Kwangu. Nilirukwa." Mwenyekiti akasema, "Sawa, mama. Kwako."

Na walikuja, wote. Shangazi alikata nyasi mpya, tukazitandaza. Aliazima vikombe kigangoni kwa sababu vyake havikutosha, akapika chai ya maziwa na tangawizi kwenye sufuria kubwa ya sikukuu. Waliingia wakavua viatu, wakasifu nyasi, wakaimba. Mwenyekiti aliwaombea wagonjwa na wasafiri na mwenye nyumba. Shangazi aliitikia kuliko wote.

Kisha nikapitisha chai.

Mwenyekiti alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini karibu na mguu wake. Mzee karani alisema daktari amemkataza sukari. Kijana wa bodaboda alisema ametoka kunywa sasa hivi, amejaa mpaka hapa. Mama mwingine alikuwa amefunga, ingawa haikuwa Kwaresima. Jirani yetu alishika kikombe chake mapajani muda wote wa mazungumzo, akikipuliza mara kwa mara kama cha moto, mvuke ukiwa umekwisha zamani. Walizungumzia mvua, na mnyauko wa migomba, na harambee ya bati za kigango. Walikuwa wachangamfu. Waliagana naye mmoja mmoja, wengine kwa kumkumbatia.

Walipoondoka, vikombe vilikuwa vimesimama kila mahali juu ya nyasi, vimejaa, vimeota utandu. Kile cha jirani alikuwa amekisukuma chini ya kiti.

Shangazi alianza kuvikusanya kwenye sinia. Mimi niliyelisimamisha ziwa na kuzifundisha pikipiki Kihaya sikuwa na neno hata moja. Akachukua kikombe kimoja kwenye sinia, akakiweka mbele yangu.

"Wewe hujanywa," alisema.

Kweli nilikuwa sijanywa. Nilikuwa nahudumia. Nilikiinua, na nilipokifikisha mdomoni niliona ameacha kukusanya. Amesimama na sinia mkononi, ananitazama koo.

Nikanywa chote. Kilikuwa cha baridi, sukari imekaa chini.

Akachukua kingine, akakiweka mbele yangu.

"Na hiki."

Nikanywa na hicho.